Kebo Ziko Mikoa Minne, Kumbukumbu Ziko Kichwani mwa Fundi

Maswali ya wasomaji kuhusu mitandao ya ofisi na biashara. Anajibu mama fundi wetu wa Dar es Salaam.

Shikamoo mama. Ninashughulikia kompyuta katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Tuna maduka mawili Mwanza, moja Bukoba, moja Musoma na moja Shinyanga, pamoja na ghala nje kidogo ya Mwanza. Kila tawi lilifungiwa mtandao na fundi wake, kwa wakati wake. Wengine hata simu zao hazipatikani tena. Majuzi swichi ya mtandao ya Musoma, kile kifaa kinachounganisha waya zote za duka, iliungua. Kijana wa stoo akachomoa waya zote ili aweke nyingine, na ilipofika kurudisha hakujua upi ni wa kaunta, upi ni wa kamera, upi unakwenda kwa mhasibu. Duka lilishinda linaandika risiti kwa mkono. Sasa bosi anataka "ramani ya mtandao wote" kabla mwaka haujaisha. Nianzie wapi, na ninunue programu gani? — Msomaji, Mwanza

Marahaba mwanangu. Habari ya programu iache kwanza, kuna mwenzako ameiuliza na nitamjibu chini. Nimefurahi kwamba bosi wako amelitaka jambo hili baada ya swichi moja tu kuungua. Kampuni nyingi husubiri mpaka zihame jengo.

Kabla hujaandika mstari wowote, mfikirie atakayeusoma. Msomaji wako ni yule kijana wa Musoma. Amesimama mbele ya kabati la mtandao, simu iko sikioni, wateja wamejaa kaunta, na wewe uko Mwanza huoni anachokiona. Kila jina utakalotunga lipitishe kwake: ataliona kwenye waya bila kuhangaika? Ataweza kulitamka simuni ukalisikia vizuri? Jina lisilopita hapo litupe, hata kama linapendeza kwenye kompyuta yako.

Sasa majina yenyewe. Wapo mafundi wanaoyaita matawi kwa herufi za viwanja vya ndege: Mwanza MWZ, Bukoba BKZ, Shinyanga SHY, Musoma MUZ. Kwa kampuni nyingine zinafaa, kwako hazifai. Mtu mwenye haraka akiandika MWZ na MUZ kwa kalamu, hutajua kama tatizo liko Mwanza au Musoma. Mimi ningeandika MWA1, MWA2, BUK1, MUS1, SHI1 na GHA1. Ile namba iweke hata pale penye duka moja tu, maana mkifungua la pili Bukoba hutaki kurudi kubandua lebo za la kwanza.

Baada ya tawi inakuja sakafu na chumba, kisha paneli, yaani ule ubao wa matundu kabatini zinapoishia kebo za ukutani, kisha tundu. Tuseme MUS1-0A-C07: Musoma duka la kwanza, chini, chumba A, paneli C, tundu la saba. Sakafu ya chini iite 0, kwa sababu "ghorofa ya kwanza" kila mtu ana hesabu yake, wengine wanaanzia chini na wengine juu. Tundu liandike kwa tarakimu mbili, 07 badala ya 7, ili kompyuta isilipange baada ya 69. Na herufi zinazofanana kwa sauti, B, D, P na T, wafundishe matawi yote kuzisema kwa mji: B ya Bukoba, D ya Dodoma, P ya Pemba, T ya Tabora. Ni dakika tano za mafunzo, na utazikumbuka siku simu inakatakata.

Mpangilio huo haukutoka kichwani mwangu. Unafuata TIA-606, kiwango cha Marekani cha kuweka alama kwenye miundombinu ya mawasiliano. Kinagawa kazi katika madaraja manne, kuanzia mahali panapohudumiwa na chumba kimoja cha vifaa hadi shirika lenye maeneo mengi yaliyotawanyika. Wewe uko daraja la nne, na ndiyo maana jina la tawi lazima liwe sehemu ya jina la kila kebo. Mafundi wenu kila mmoja alianza kuhesabu 1, 2, 3 kwenye kabati lake, kwa hiyo kampuni nzima ina "namba 7" sita. Ukisema simuni "chomoa namba saba", unacheza bahati nasibu.

Jambo moja nakusihi: kebo usiiite kwa jina la mtu wala la kazi. "Mhasibu", "kaunta ya pili", "printa ya meneja", hayo yote yanahama. Mhasibu atasogezwa chumba kingine kabla rangi ya ukuta haijachakaa, na kebo itabaki inaitwa Mhasibu huku inahudumia mashine ya kutengenezea chai. Kebo iliyo ndani ya ukuta haihami, basi jina lake lishike mahali.

Hapo ndipo pa kutenganisha kumbukumbu zako katika majedwali mawili. La kwanza ni la vitu visivyohama: jina la kebo, inapoanzia, inapoishia, aina yake, urefu wake, siku iliyopimwa na aliyepima. Kwenye "inapoishia" andika kwa maneno ya mtu aliye chumbani: ukuta wa upande wa barabara, chini ya dirisha, tundu la kushoto. La pili ni la vinavyohama: leo tundu hili limechomekwa kwenye swichi gani, namba ngapi, na upande wa pili kuna kifaa gani. Jedwali la kwanza litakaa miaka bila kuguswa, la pili litabadilika kila mwezi. Watu wakichanganya yote mahali pamoja, yale mabadiliko madogo huwachosha, wanaacha kuandika, na baada ya muda hakuna anayeliamini jedwali lolote.

Urefu utaupata bila kifaa chochote cha bei. Shika kebo karibu na mwisho wake uisogeze kwenye mwanga. Kwenye ganda, baada ya jina la kiwanda na maandishi ya Cat5e au Cat6, kuna namba inayoongezeka kila mita. Kebo nyingine huhesabu kwa futi, kwa hiyo soma na kizio. Soma namba ya upande wa kabati, kisha ya upande wa ukutani. Kama huku ni 212 na kule ni 268, kebo hiyo ina mita 56. Andika namba zote mbili, usiandike jibu peke yake, kwa sababu zina kazi ya pili: ncha moja ikisoma 212 na nyingine, unayodhani ni yake, ikisoma 031 kwenye boksi la mita 305, ndani ya jengo la vyumba vinne, basi hizo ni kebo mbili tofauti na umebandika lebo mahali pasipo pake. Kipimo cha kukumbuka ni mita 90 kutoka paneli hadi tundu la ukutani, na mita 100 ukijumlisha waya fupi za pande zote mbili. Kwenye maduka hutafika huko. Kwenye ghala unaweza kufika.

Lebo iwe ya kuchapwa kwa mashine, ya kuzungushia kebo, na ikae ndani ya sentimita 30 kutoka mwisho wake, pande zote mbili. Tundu la ukutani na tundu la paneli vibebe jina lile lile. Nimefungua makabati mengi yaliyowekwa alama kwa karatasi na selotepu. Joto la chini ya bati likishaifanyia kazi ile gundi, unakuta vipande vya karatasi vimelala sakafuni mwa kabati kama majani, vimeandikwa vizuri sana, na hakuna kinachokuambia kilitoka waya gani. Maandishi ya kalamu ya maka juu ya ganda la kebo nayo hufifia. Mashine ndogo ya lebo ni gharama ya kampuni, siyo yako, iombe mapema pamoja na utepe wake wa ziada.

Anzia Musoma. Wengi watakushauri uanze makao makuu, lakini Musoma waya zimechomolewa juzi na wale waliozirudisha bado wanakumbuka zilivyokuwa. Nenda baada ya duka kufungwa au Jumapili, ukiwa na mtu wa pili. Mmoja akae kabatini, mwingine apite vyumbani na kifaa cha kutafuta waya kwa mlio: unachomeka kinachotoa mlio ukutani, mwenzako anapitisha kalamu ya kusikilizia juu ya kebo mpaka ilie. Chomoa kebo kwenye swichi kwanza, maana ikiwa bado imeunganishwa mlio hufifia au hutawanyika. Kama swichi ni ya aina unayoweza kuingia ndani yake kwa kompyuta, itakuonyesha kila tundu lina kifaa chenye namba gani ya MAC, ile ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, na swichi zenye LLDP hutambulishana zenyewe. Hiyo inakusaidia kwenye vifaa vinavyowaka tu. Tundu lisilo na kitu litabaki kimya, na hayo ndiyo yanayosahauliwa.

Kabla hujagusa chochote, piga picha: kabati kwa mbele, kwa nyuma, kila paneli kwa karibu hadi namba zisomeke. Picha zipe majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mwisho jina la tawi, ili zijipange zenyewe. Kama kuna tawi linalofanyiwa ukarabati, wahi kabla dari la jipsamu halijafungwa. Egemeza futi ukutani, uivute mpaka kwenye kona, ndipo upige picha ya kebo zinavyopita. Miaka mitatu baadaye mtu atakuja kutoboa ukuta aweke kiyoyozi, na picha hiyo itamwambia kwamba kebo ziko sentimita 40 kutoka kona. Hakuna mchoro wa kompyuta unaoishinda picha ya namna hiyo.

Kitu kingine cha kanda yenu. Kebo yoyote ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine kwa nje, tuseme kutoka dukani kwenda banda la nyuma au kibanda cha mlinzi ghalani, iandike kwa rangi nyekundu kwenye jedwali. Ukanda wa Ziwa Victoria unapigwa radi sana, na kebo ya namna hiyo huiingiza moja kwa moja kwenye swichi. Ukishaziorodhesha, mwombe bosi fedha za kuzibadilisha kwa faiba, ambayo haipitishi umeme. Ungeniuliza mimi, ningeanza na kuchunguza kama ile swichi ya Musoma haikuwa na waya kama huo.

Ukimaliza tawi, chapa ukurasa wa jedwali la pili, uuweke kwenye mfuko wa plastiki, uubandike ndani ya mlango wa kabati ukiwa na tarehe. Utaratibu uwe huu: anayehamisha waya anaandika kwa kalamu kwenye ukurasa huo saa hiyo hiyo, anapiga picha, anakutumia. Wewe unasahihisha jedwali mama siku hiyo hiyo. Na kila ukipita tawini kwa shughuli nyingine, chukua mistari michache ya jedwali uihakikishe kwa macho. Ukikuta mmoja una uongo, kagua kabati zima.

Asalaam aleikum. Nina maduka matatu ya dawa: Mombasa mjini, Likoni na Mtwapa. Mkandarasi amemaliza kuweka mtandao na kamera, amenipa ankara na funguo za makabati, basi. Nimdai nini kabla sijamlipa salio? Halafu kamera ya nyuma pale Mtwapa hujizima na kuwaka tena usiku, mchana iko sawa. Yeye anasema ni umeme. — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Salio usilitoe kwanza, maana ndilo litakalomleta mezani.

Mdai mchoro wa kila duka jinsi kebo zilivyopita kweli, si ule aliouleta wakati wa kuomba kazi. Mdai jedwali la kebo zote lenye majina yanayolingana na lebo, na upite nalo mwenyewe: chagua tundu lolote ukutani, soma lebo, nenda kabatini ulitafute. Ukilikosa, kazi haijakwisha. Mdai nywila zote za swichi, ruta na kamera, kisha uzibadilishe mbele yake.

Na mdai matokeo ya vipimo, hapo uwe makini. Kile kifaa kidogo chenye taa nane zinazowaka moja moja kinathibitisha tu kwamba nyaya nane zimefika upande wa pili kwa mpangilio. Fundi akitenganisha jozi, yaani akachukua nyaya mbili za jozi tofauti akazifanya moja kwa pande zote mbili, taa zote nane zitawaka sawasawa, na mtandao utakuwa mzito kila siku. Testa ya kuthibitisha, kama zile za Fluke, hulikamata kosa hilo na hupima urefu, upotevu wa nguvu na muingiliano kati ya jozi. Omba faili la kipimo lenyewe, usiridhike na picha ya skrini. Uliza pia ametumia mpangilio gani wa rangi za nyaya, A au B. Ukiwa B, unaoanza na nyeupe-chungwa kisha chungwa, uwe B katika maduka yote matatu, na uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza.

Kamera ya Mtwapa sasa. Usiku kamera huwasha taa zake za infraredi, na hapo hula umeme mwingi kuliko mchana. Kama inalishwa kupitia kebo ya mtandao, swichi ya kawaida ya namna hiyo, yaani ya PoE, inatoa hadi wati 15.4 kwa tundu, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani. Kebo ikiwa ndefu na imetengenezwa kwa aluminiamu iliyopakwa shaba, hupotea zaidi, kamera inakosa nguvu, inazima, taa zinazima nayo, inawaka upya, na mzunguko unaanza tena. Aina hiyo ya kebo imejaa sokoni kwa sababu ni nafuu na boksi lake ni jepesi kunyanyua, lakini haikidhi viwango vya Cat5e wala Cat6, hata kama maneno hayo yamechapwa kwenye ganda.

Chukua kipande kilichobaki, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona rangi ya fedha, umepata jibu lako, na ankara uliyopewa uisome upya uone iliandikwa kebo gani. Ukikuta ni shaba tupu, basi maneno yake ya umeme yachunguzwe, kuanzia kwenye swichi yenyewe: jumlisha wati za kamera zote uone kama inazimudu kwa pamoja. Vyovyote itakavyokuwa, aina ya kebo na urefu wake viingie kwenye jedwali. Vingekuwapo, swali hili ungelijibu ukiwa umekaa Mombasa.

Habari za kazi dada. Matawi yetu yanafika ishirini sasa. Kumbukumbu za mtandao tubaki nazo kwenye Excel au tuhamie NetBox, ile programu ya kuzitunza? — Msomaji, Dar es Salaam

Kazi ni nzuri kaka. Kwa matawi matano au sita yenye kabati moja moja, Excel inatosha kabisa, mradi mwenye ruhusa ya kuandika ni mmoja na wengine wanasoma tu. Balaa la Excel ni nakala: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho mpya", na kila meneja ana yake.

Kwa ishirini ningehamia. NetBox ilianzia DigitalOcean, kampuni ya kukodisha seva, ikatolewa kwa wote mwaka 2016, na haina malipo ukiiweka kwenye seva yako. Ninachokipenda ni ukali wake. Kila kebo lazima iwe na ncha mahali fulani, na tundu lililokwisha kuunganishwa halikubali kebo ya pili. Excel itakuachia uandike kebo mbili kwenye tundu moja na wala haitakuuliza. Lakini NetBox inataka seva ya Linux, na hifadhidata za PostgreSQL na Redis, na mtu wa kuitunza na kuchukua nakala zake. Kama mtu huyo hayupo, msihame mwaka huu.

Mkihama, rekebisheni majina kwanza mkiwa bado kwenye Excel, kisha mpakie kwa faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, kwa mpangilio wake: matawi, makabati, vifaa, na kebo mwisho kabisa, kwa kuwa kebo haiwezi kuingia kabla ya vifaa inavyoviunganisha. Jaribuni na tawi moja. Nywila msiziweke humo wala kwenye Excel, zikae kwenye programu ya kutunzia nywila yenye orodha fupi ya watu. Na ule ukurasa wa ndani ya mlango wa kabati uendelee kuchapwa, kwa sababu mtandao wa tawi ukikatika, NetBox nayo haitafunguka pale.